Mwaka Niliolala Chini ya Mlima

Naandika haya nimekaa kwenye kiti. Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kutaja, lakini wako watakaoyasoma wakiwa wamelala chali, macho yao kwenye dari, na hao watanielewa. Mimi nililala hivyo tangu mwanzo wa masika mpaka vuli ilipokaribia kwisha. Ugonjwa wenyewe ulitokana na sindano za kutuliza maumivu ya mgongo. Zilinipa nafuu ya muda mfupi, kisha uchafu ulioingia pamoja nazo ukazama mpaka kwenye pingili za uti wa mgongo na kuanza kuzila. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua. Nitaeleza tu jinsi mtu anavyoishi nao, na kile kilichonipotea nikiwa naungoja uishe.

Nilikuwa mchanja ng'ombe wa serikali. Nilisoma mpaka darasa la kumi, na wengi niliosoma nao walipata meza na kalamu mjini. Mimi kiti hakikunishika. Nilipenda kuamka mahali nisipopajua, kunywa chai yenye moshi, kisha kusikia kengele za ng'ombe kabla ya ng'ombe wenyewe kuonekana. Nimechanja Mbulu, Singida, Kondoa, Loliondo. Kondoa nilioa, na mke wangu alivumilia misimu miwili ya kulala peke yake, kisha akarudi kwa wazazi wake bila ugomvi. Sikumlaumu. Ajabu ni kwamba popote nilipokaa nilikuwa na hamu ya kwetu. Nikiona mgomba mmoja tu kando ya nyumba ya mtu, naona boma la mama yangu huko juu ya Sokon, ambako njia ya gari inakwisha na kubaki ya miguu, katikati ya migomba na mibuni, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Meru. Kila mwaka nilituma salamu kwamba mwaka huu narudi, na kila mwaka nikapanda lori la kwenda upande mwingine.

Mwaka niliougua niliomba kwa kweli nihamishiwe Arusha, nikakubaliwa. Nilikuwa nimesikia kwamba magoti ya mama yamekaza, hashuki tena sokoni, na macho yake hayaoni vizuri. Sikuwa nimemwona tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zote. Ilibaki safari moja tu ya kuchanja, huko chini kwenye bonde la magadi.

Huko ndiko fahali mmoja aliponibana kwenye nguzo za zizi. Hakunichoma pembe, alinisukuma tu kwa ubavu wake kama mtu anayefunga mlango. Tangu siku hiyo sikuweza kuinama kufunga viatu.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi wachanjaji, maana mwenye kazi nyingine asingefanya tulivyofanya. Tuliamini sindano kuliko kitu chochote. Tulikuwa tumeona kundi zima la ng'ombe likinusurika kwa sababu ya sindano, na kundi la jirani aliyekataa likibaki mifupa. Vidonge tuliviona ni vya watoto. Kwa hiyo tukiwa porini tulichomana wenyewe kwa wenyewe: ukiwa na homa unachomwa, jino likikuuma unachomwa, na tulichoma karibu na panapouma ili dawa isipotee njiani. Fundi wetu alikuwa Athumani, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, jeshini wakati wa vita, na ambaye kwake hasa palikuwa mjini Arusha, mitaa ya zamani karibu na msikiti. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi kiasi kwamba nilijua anakoroma kwa pua ipi.

"Lala kifudifudi, Mwarusha," alisema. "Leo nakuchoma kama fahali."

"Fahali anachomwa shingoni."

"Wewe shingo utaipata wapi? Mgongo mtupu. Tulia."

Maji ya pale yalikuwa ya magadi. Ukiyaweka motoni yanatoa povu upesi, kabla hayajachemka. Kuni zilikuwa mbichi na wenye ng'ombe walikuwa wamekwisha panga foleni. Tuliona povu, tukasema yamechemka. Alinichoma pande zote mbili za uti wa mgongo, leo, kesho na keshokutwa. Siku ya nne nilifunga viatu mwenyewe, Athumani akanipigia makofi.

Baadaye daktari aliniambia kwamba huenda ni maji, huenda ni sindano, huenda ni ngozi yangu mwenyewe iliyokuwa na mavi ya ng'ombe. Hakuna anayejua. Nawe unayeuguza kidonda kama changu usijichoshe kutafuta mlango ulioingilia. Nilijichosha mimi kwa niaba yetu sote, sikuupata.

Maumivu yaliporudi hayakuwa yale ya kwanza. Yale ya kwanza yalikuwa ya mtu aliyefanya kazi. Haya yalikuwa yakining'oa. Mtu akigusa kitanda changu kwa goti, nilipiga yowe. Jasho lililowesha blanketi, nikatetemeka mchana kwenye jua la bonde. Kisha miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Nilipojikwaa mara ya tatu Athumani alinitazama usoni, hakutania, akaenda kuzungumza na dereva wa lori.

Sikumbuki sana njia. Nakumbuka benchi la hospitali ya serikali mjini, upande wa Waafrika. Lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu, na mimi nililazwa juu yake, hivyo wenzangu wakalazimika kusimama. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa alinifunika miguu kwa kanga yake, kisha jina lake lilipoitwa akaingia ndani na kuniachia. Sikumwona tena. Kanga ile ninayo mpaka leo, ina rangi ya manjano.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani. Alipiga picha ya mifupa, akaikunakuna kwa kucha, akadhani kwanza ni kifua kikuu kilichoingia mgongoni. Kisha akapasua uvimbe uliokuwa ubavuni mwa uti wa mgongo, na usaha ukatoka ukajaa beseni. Harufu yake ilifika kwenye vitanda vya mwisho. Aliutazama, akauliza, "Nani piga wewe sindano?"

Nilisema ni mtu wa porini, simjui.

"Wewe lala," akasema. "Hapana kaa. Hapana simama. Mimi nasema."

Basi wakanitia plasta kutoka kwapani mpaka nyongani, nikawa na gamba. Jirani yangu wa kitanda, Mchaga mmoja aliyeitwa Aloisi, aliyevunjika paja kwa kuanguka kutoka juu ya lori la kahawa, alinipa jina la Kobe siku ile ile, na wodi nzima ikalichukua. Hata wauguzi waliniita Bwana Kobe. Dawa yangu ilikuwa penisilini, ambayo siku zile ilitajwa kwa heshima kama jina la mtu mkubwa, na ilikuja kwa sindano, mchana na usiku. Mimi niliyechoma maelfu ya wanyama bila kufumba jicho, niliposikia magurudumu ya kigari cha sindano yakilia ukumbini, nilifumba yote mawili nikajifanya nimelala.

Sitaficha mambo ya mwili, maana ndiyo yaliyonitia aibu na huenda yanakutia aibu wewe. Mkojo ulitoka kwa mpira. Choo nilisaidiwa na watu niliowazidi umri. Mapaja yangu, yaliyotembea kutoka Mbulu mpaka Singida, yalibaki kama mpini wa jembe. Wakati mwingine nilimwuliza Aloisi kama mguu wangu wa kushoto umefunikwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kujua. Kunguni waliingia ndani ya plasta wakapafanya kwao. Aloisi ndiye aliyenipa njiti ndefu ya ufagio ya kujikunia, na nasema kweli, katika mwezi ule sikupewa zawadi iliyonifurahisha zaidi.

Asubuhi zisizo na mvua walisukuma vitanda vyetu mpaka barazani. Kutoka pale mlima ulionekana wote. Chini ya msitu kulikuwa na mstari wa moshi wa watu wanaopika, na nilijua kabisa kwamba moshi mmoja katika ile ni wa mama yangu. Nilikuwa nimeutafuta kwa macho kutoka nchi za mbali, na sasa niliuona kila siku, mwendo wa asubuhi moja tu kwa mtu mwenye miguu.

Dada yangu Naserian, mkubwa wangu, ndiye aliyeshuka kutoka huko. Alikuja na kibuyu cha loshoro, mahindi na maziwa mgando kama tulivyokula utotoni, akanilisha kwa kijiko huku akinigombeza. Plasta ya kwanza ilipokauka, daktari alisema naweza kubebwa kwa machela taratibu nikamwone mama, kisha nirudishwe. Nilimtuma Naserian akaseme nyumbani. Alirudi na uso uliofungwa.

"Yeyo amekataa," alisema. Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai, lugha yetu.

"Amekataa nini?"

"Usiletwe. Amesema baba yenu aliletwa kwangu amelala, na Lazaro akaletwa kwangu amelala. Huyu aje na miguu yake, au akae huko huko mpaka aweze."

Baba aliangukiwa na mti msituni, watu wakamteremsha kwa ngozi ya ng'ombe. Lazaro, kaka yetu, alifia kwenye mashamba ya mkonge, akaletwa kwa lori mpaka mwisho wa njia, kisha mabegani. Mara zote mbili mama alikuwa amesimama langoni. Nilielewa. Tena nasema zaidi: nilifurahi. Sikutaka anione na mpira wa mkojo. Nilitaka nitokee kwenye migomba nimevaa shati, nimwinamishie kichwa akiguse, kama mtoto anavyomwamkia mama yake kwetu. Neno lake lilinipa kazi ya kufanya. Tangu siku hiyo ugonjwa wangu ulikuwa na swali moja tu: nitasimama kabla hajaondoka?

"Mwambie nitakuja," nilisema.

"Mwambie mwenyewe," alijibu Naserian, kisha akafuta mdomo wangu kwa ncha ya shuka lake. "Nitamwambia."

Masika yakapita juu ya bati la wodi. Athumani alikuja kila Ijumaa baada ya swala, kanzu nyeupe, tende mfukoni. Alikaa kwenye kiti akitazama mikono yake. Naserian, niliyekuwa nimemweleza yote, alipomkuta mara ya kwanza hakumpa hata salamu.

"Huyu anakuja kukagua kazi yake?"

"Nimekuja kumwona, dada."

"Umwone! Ungemwona vizuri siku ile ulipokuwa unamtoboa."

Athumani aliinuka ampishe kiti. Naserian alikikataa, akakaa kitandani kwa Aloisi. Alipoondoka, Athumani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe unanionaje?"

"Nakuona pua kwanza, ndevu baadaye. Nimelala, wote nawaona hivyo."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka palepale, mtu mzima aliyekuwa vitani. Mkono wangu ulifika kwenye goti lake tu, nikauacha hapo.

Wakati wa baridi, ukungu ulipoanza kukaa mjini mpaka adhuhuri, daktari alinipima, akaniruhusu kujaribu. Wauguzi wawili walinisimamisha. Dunia ilizunguka, nikaona wodi kutoka juu kwa mara ya kwanza, nikashangaa kwamba Aloisi ana upara. Wodi nzima ilipiga kelele: "Kobe! Kobe! Kobe!" Nilipiga hatua mpaka dirishani kwa magongo. Wiki ile nzima nilitembea. Nilimtuma Naserian: mwambie Yeyo mahindi hayatakwisha kuvunwa kabla sijafika.

Nilisikia kwamba mama alifagia uwanja mwenyewe akiwa amekaa chini, akijivuta kwa makalio. Alimwagiza mtoto wa jirani akate matawi yaliyoning'inia langoni ili yasinipige usoni. Kila alasiri alikaa langoni amegeuzia uso njia.

Kisha homa ikarudi. Nilidhani ni malaria, nikaomba Mungu iwe malaria. Usaha ulikuwa umejificha upande wa pili wa mfupa, wakapasua tena, wakanirudisha kwenye plasta mpya iliyoanzia juu zaidi, shingoni. Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo Wazungu hawakuwa na desturi ya kulifanya kwa watu kama sisi, akasema, "Pole. Pole sana." Kwa Kiswahili chake kibovu ndilo neno alilolitamka sawasawa.

Naserian alipofika akaona plasta mpya, alikiweka kibuyu sakafuni.

"Mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia?" alisema. "Mimi tena? Mume wangu ananiuliza kama nimeolewa na hospitali. Watoto wangu wanakula viporo. Napanda na habari zako, nashuka na habari zake, kama punda wa maji. Ninyi wawili mnangojana tu! Na yeye miguu imemvimba mpaka hapa, usiku analala amekaa, pumzi haimtoshi. Hakutaka nikwambie. Haya, nimekwambia."

Nilimwita daktari. Nilimwomba aniruhusu nibebwe hivi hivi nilivyo, leo, kesho, kwa machela, kwa ngozi, kwa chochote.

"Hapana," alisema. "Sasa hapana. Njia mbaya, wewe ruka kidogo tu, mgongo vunjika. Miguu kwisha. Wewe kwisha."

Yale yaliyowezekana masika hayakuwezekana tena. Niligeuza macho yangu, maana shingo haikugeuka, nikautazama ukuta, na siku kadhaa sikula. Aloisi hakunitania. Aliacha kuniita Kobe, akaniita kwa jina langu, na hilo lilinitisha zaidi.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kwa Naserian. Athumani, bila kuniaga, alifunga kanzu yake kiunoni akapanda mlima peke yake akiuliza njia kwa watu ambao nusu yao Kiswahili kiliwapiga chenga. Alimkuta mama langoni. Alichuchumaa, akampa shikamoo, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyenichoma sindano, na kwamba mwanawe hawezi kuja wala amesimama wala amelala.

Mama aliinua uso kuelekea sauti yake. Naserian, aliyekuwa akitafsiri, alidhani atamlaani.

"Kwa hiyo ndiye wewe wa sindano," mama alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Una nguvu?"

"Ninazo."

"Basi toeni kitanda changu nje. Wewe utashika upande wa kichwa, ndiko kuzito."

Walikuja mchana, ukungu ulipokuwa umefunguka. Nilikuwa barazani. Nilisikia kwanza watu wakibishana getini, mlinzi akisema kitanda ni cha kutoka si cha kuingia, na sauti kavu ya mwanamke ikimjibu kwa Kimaasai. Sikuhitaji kuona. Wanaume wanne waliingia na kitanda cha miti na ngozi, Athumani mbele, kanzu imechafuka matope mpaka kifuani. Juu yake, chini ya blanketi, alikuwa amelala mama yangu.

Muuguzi mkuu alikuja akikimbia kusema haiwezekani. Aloisi, kwa mguu wake uliofungwa mawe ya kuunyoosha, alimwambia, "Sista, sukuma kitanda changu huko, huyu mama apate nafasi." Wenzake wawili wakasema na vyao visukumwe. Muuguzi alisimama, akatazama, kisha mwenyewe akasukuma. Kitanda cha mama kikawekwa sambamba na changu, vikagusana.

Macho yake hayakuona zaidi ya kivuli. Mkono wake ulitoka kwenye blanketi, ukatafuta, ukakuta plasta. Aliigonga kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayepima kibuyu kama kimejaa.

"Uko humu?" aliuliza.

"Nipo, Yeyo."

"Wamekujengea ukuta."

"Ndiyo."

"Nani anakunyoa? Kidevu kama mbuzi." Mkono ulikuwa umefika usoni. Kisha ukapanda, ukatulia juu ya utosi wangu. Kwetu mtoto huinama ndipo aguswe. Mimi sikuweza kuinama hata kidogo, na haikulazimu, kichwa changu kilikuwa pale pale mkono wake ulipofika.

Tulilala hivyo. Aliwalalamikia wabebaji, kwamba wamemtikisa kama maziwa. Alilalamika kwamba mjini kunanuka. Aliniuliza kama loshoro inanifikia yote au Naserian anaila njiani, na Naserian, aliyekuwa amekaa sakafuni katikati ya vitanda viwili, akasema, "Ningeila yote, nisingekuwa mnono?" na mama akacheka mpaka akakosa pumzi, tukangoja airudishe.

"Nilikosea kukwambia usije," alisema ilipomrudia. "Niliona mtu akiletwa amelala, basi amekwisha. Sikufikiri kuna kulala mtu angali hai."

"Mimi nilitaka unione nimesimama."

"Kwani ningekuona? Sioni."

Halafu akasema, "Niambie huko ulikokuwa miaka yote." Nikamwambia. Nilimweleza nyasi za Loliondo baada ya mvua, flamingo kwenye maji ya magadi, mawe makubwa ya Singida, mke wangu wa Kondoa na jinsi alivyopika mlenda. Aliuliza maswali madogo madogo: walikuwa na ng'ombe wa rangi gani, maji walichota wapi. Nilikuwa nikieleza habari ya Mbulu nilipogundua kwamba amelala usingizi, mkono wake ungali kichwani kwangu. Athumani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza ametupa kisogo. Wakati jua lilipofika kwenye miti ya mto Themi wabebaji walisema lazima waanze kupanda. Waliinua kitanda polepole ili asiamke, na hakuamka. Ndivyo alivyoondoka.

Alifariki kabla ya mwezi kuandama. Naserian alikuja bila kibuyu, nikajua. Kaburi lilichimbwa kwenye migomba, kando ya baba na Lazaro. Mchungaji wa Kilutheri aliomba, na Athumani, Mwislamu, alikuwa kati ya waliochimba. Mwana wa mwisho wa kiume hutakiwa kuwa pale. Mimi nilikuwa barazani nikitazama mstari wa moshi chini ya msitu, nikijaribu kujua ni upi uliopungua, na nikashindwa, yote ilifanana.

Usaha haukurudi tena. Sijui kwa nini. Vuli iliponyesha walinikata plasta kwa msumeno, ngozi iliyokuwa ndani ilikuwa nyeupe na imekunjamana kama ya mtoto aliyezaliwa. Nilijifunza kutembea kwa magongo mawili, kisha moja. Aloisi alikuwa ameruhusiwa kwenda kwao Kibosho kabla yangu, akaniachia njiti nyingine ya ufagio. Siku niliyoweza nilipanda Sokon, nikipumzika kila penye jiwe, Naserian nyuma yangu kama mtu anayechunga ndama. Langoni matawi yalikuwa yamekatwa na mengine yalianza kuota. Hakukuwa na mtu. Nilisimama pale nimevaa shati, nimesimama sawasawa, hata Naserian akasema, "Umesimama vizuri," kisha akajifunika uso kwa shuka.

Athumani aliacha kuchoma watu na ng'ombe, akarudi Tabora. Kabla ya kupanda basi alinijia kuniaga, akataka kusema jambo, nikamwambia, "Ulishika upande wa kichwa." Hatujaonana tena. Mimi pia kazi ya porini imekwisha. Mguu wa kushoto unaburuzika na baridi ya mlima naijua saa nyingi kabla haijafika. Naishi katika boma la mama. Bado asubuhi nyingine natoka mpaka lilipo lori la kwanza, nawatazama watu wakipanda, narudi.

Wewe uliyelala, nina machache ya kukwambia. Wauguzi wakichelewa kukugeuza, piga kelele, kidonda cha mgongoni hakina adabu. Kula hata usipotaka. Homa ikirudi usiipe jina la ugonjwa mwingine, iseme mapema. Mtu akija na sindano, mwulize maji yamechemka kwa muda gani, hata kama ni rafiki yako, hasa kama ni rafiki yako.

Na usingoje upone kwanza ndipo uonekane. Utatamani wakuone umenyoa, umevaa, umesimama, na wao watatamani hivyo hivyo, na mtaliita tamanio hilo tumaini. Tuma mtu leo. Waambie waje na nguo zao za shambani, wakukute na mpira wako na harufu yako, wakae. Mimi na mama tulipata alasiri moja. Tungeweza kupata masika yote.